Ladha Ilipimwa, Jicho Je?

Mwaka 1937, katika mji wa Bristol, jimbo la Tennessee huko Marekani, kiwanda kimoja cha dawa kilitaka kutoa sulfanilamidi ya maji, maana watoto vidonge vinawashinda. Mkemia wake aliona dawa inayeyuka vizuri ndani ya dietilini glaikoli. Akatia na ladha ya rasiberi, tunda dogo jekundu la kwao. Kisha wakapima: ladha, sura na harufu. Sumu hawakupima, na sheria ya wakati ule haikuwadai wapime. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Na tusifikiri hayo ni mambo ya wazee tu: mwaka 2022 dawa ya kikohozi yenye kemikali hiyohiyo ilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 kule Gambia.

Nimeanzia kwenye ulimi, ila habari yangu ni ya jicho. Hizi mbili zilizaliwa pamoja. Miaka michache kabla ya dawa ile, mwaka 1933, wanawake wa Marekani walikuwa wakipaka rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na parafenilinidiamini. Macho yalivimba, yakatoka vidonda, kuna waliopofuka, na mmoja akafariki. Kemikali hiyo haijatoweka, dada zangu. Imo katika rangi nyingi za nywele na katika piko, ile hina nyeusi ya harusi.

Basi mwaka 1938 Rais Roosevelt akatia sahihi sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi. Serikali sasa ilihitaji njia ya kujua kitu kitafanya nini machoni kabla hakijamfika mtu. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1944 na John Draize na wenzake wawili, wataalamu wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi ile. Ni rahisi kuieleza. Unachukua sungura mweupe, unavuta kope lake la chini, unatia mililita 0.1 ya kemikali, unafumba jicho kidogo, unaachia. Jicho la pili haliguswi, ndilo la kulinganishia. Unatazama baada ya saa 24, 48, 72, na hata siku zaidi. Unatoa alama: wekundu, uvimbe, machozi, ukungu juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Jumla ya alama ni 110, na konea peke yake inabeba 80, kwa kuwa wekundu hupita lakini konea ikiharibika mtu haoni tena.

Kipimo hicho kikaenea dunia nzima. Shampuu, sabuni, dawa za wadudu, manukato na vionjo vya chakula, vyote vikapitia jicho la sungura. Vanila ni mfano mzuri. Vanilini, kemikali inayoipa vanila harufu yake, tunaila ndani ya keki na biskuti bila shida. Lakini unga wake mtupu umeorodheshwa kuwa unawasha macho vikali. Wengi wanachanganya hapo: wanadhani kinacholika hakiwezi kudhuru jicho. Mtu aliyewahi kukatakata pilipili halafu akajifuta uso hahitaji profesa wa kumweleza.

Shida ni kwamba sungura si mtu. Ana kope la tatu, anapepesa macho mara chache, machozi yake ni haba. Isitoshe, mwaka 1971 Weil na Scala walitoa matokeo ya kemikali zilezile kupimwa katika maabara zaidi ya 20. Majibu yalipishana vibaya. Maabara moja ilisema kitu ni kikali, nyingine ikasema ni salama. Mwaka 1980 Henry Spira, mwalimu wa New York, alinunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuiuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Revlon ikaishia kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia nyingine.

Najua hapa kambini kuna watakaocheka: sungura! Siye tunamla. Mimi sicheki. Ila naona hesabu moja inasahaulika: kabla ya sungura, waliopima Lash Lure walikuwa akina mama waliotoa hela yao wenyewe. Jicho fulani lazima lipime. Asipopima mwenye kiwanda, anapima mnunuzi au mfanyakazi.

Ushahidi upo. Diasetili ni ladha ya siagi, na kwa kuliwa ilihesabiwa salama. Mwaka 2000, huko Missouri, iligundulika kwamba watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi walikuwa na ugonjwa mkali wa mapafu usiopona. Walikuwa wakivuta mvuke wa ladha ile siku nzima. Taasisi ya afya kazini ya Marekani ilipotoa onyo kuhusu vionjo, ilitaja macho pia: kuwashwa, na wengine kuungua hadi kutibiwa.

Kikundi chetu cha sabuni ya maji kinanunua harufu ya limau kwa dumu, kisha tunagawana kwenye chupa za soda. Lebo inabaki kwenye dumu, tena ni ya Kiingereza. Kwa hiyo nawaandikia wenzangu, na wafanyakazi wa mashirika wanaotuletea vifaa: tangu 2003 Umoja wa Mataifa una alama za pamoja. Alama ya mshangao ndani ya pembe nne nyekundu inaweza kumaanisha kinawasha macho au ngozi. Picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni kali zaidi: kinaweza kuunguza, hata jicho. Kikiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, ndipo ukimbie zahanati. Usisubiri foleni ya kliniki ndipo uoshe.

Siku hizi kipimo cha Draize kinakuja mwisho, na tangu 2012 mwongozo wa kimataifa unataka sungura apewe dawa ya maumivu. Kwanza wanajaribu bila mnyama hai. Tangu 2015 wapo wanaotumia utando uliooteshwa kutokana na chembe za binadamu. Na tangu 2009 inakubalika konea ya ng'ombe kutoka machinjioni: wanaitia kemikali, wanapitisha mwanga kuona imepata ukungu kiasi gani, halafu wanamimina rangi kuona kama inapenya hadi upande wa pili. Ng'ombe mwenyewe alikwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama.