Vitabu vya uraia vilivyokuja Saadani, na kimoja kilichoondoka Bagamoyo

Mtaala mpya ulioanza kuingia shuleni hatua kwa hatua tangu Januari 2024 umeleta sekondari somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, na Civics iliyowatoa jasho wazazi wa leo inafungasha virago. Somo jipya linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa kata ya Mkange, kilipo kijiji cha Saadani, hiyo ni habari kubwa kuliko jina la somo lenyewe. Kwa takribani miaka 30 mtoto wa huko alifundishwa haki na wajibu wake kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia gengeni, kwenye madau wala kwenye mashamba ya chumvi.

Ifungue tu Civics ya kidato cha kwanza ya muhtasari wa mwaka 2005: taifa letu, stadi za maisha, haki za binadamu, raia mwema, kazi, familia, mwenendo na kufanya uamuzi, halafu usalama barabarani. Mada ni njema, sina ugomvi nazo. Ila mtoto aliyezaliwa kijiji kilichozungukwa na hifadhi ya taifa iliyo kando ya Bahari ya Hindi aliketi akikariri kwa Kiingereza namna ya kuvuka barabara kwenye mistari myeupe, wakati anayemtia hofu njiani ni tembo. Pembe za ndovu zilizo kwenye nembo ya taifa alizichora vizuri. Mwenye pembe, anayepita nyuma ya shamba la baba yake, hakupewa hata ukurasa.

Na pwani hii haikuwa tupu kabla ya vitabu vya wizara. Mwaka 1903 mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapishwa kitabu kwa Kiswahili, Desturi za Wasuaheli. Aliyekitoa ni Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili wa Berlin, lakini kalamu iliyobeba mzigo mkubwa ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo. Miaka miwili nyuma Velten alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, na humo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe hadi Uzigua, yaani bara ileile inayoanzia mgongoni mwa Saadani.

Desturi ni kitabu cha namna mtu anavyofanywa mtu. Kinashika uzazi na malezi, michezo ya watoto, chuo na mwalimu wake, jando na unyago, salamu na heshima, ngoma, ndoa, majumbe na kutawazwa kwao, madeni na hukumu, mpaka kifo na mazishi. Mwalimu wa leo anayetafuta mifano ya stadi za maisha angekuta humo zaidi ya anachohitaji, tena kwa Kiswahili cha Mrima kisichokopa kwa mtu.

Mtoro mwenyewe ni somo kubwa kuliko kitabu chake. Habari zake nazifuata kwa Ludger Wimmelbücker, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, na kama mtazamo wangu umeelemea upande mmoja, ni kwa sababu wa kwake umeelemea huko. Mtoro alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki. Hapo ndipo walipoandaliwa maofisa waliokuwa wakija kututawala. Sasa fikiri darasa hilo: mbele amesimama mwalimu kutoka Bagamoyo, nyuma ya madawati wamekaa vijana ambao mwakani watakuwa mabwana wa wilaya, wenye ruhusa ya kumchapa viboko ndugu yake. Kwa adabu ya chuoni kwao, mwanafunzi humnyenyekea mwalimu. Kwa siasa ya koloni, mweusi humnyenyekea mweupe. Adabu hizo mbili zilikuwa zikutane kila asubuhi kwenye chumba kimoja.

Mwaka 1904 Mtoro akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Sheria ya Ujerumani haikuwazuia. Mwaka uliofuata, akiwa ameachana na kazi ya Berlin, wakapanda meli kuja kwao. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya koloni chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ikakataa mwanamke yule ashuke kuishi kama mke wa Mwafrika. Ndoa iliyokuwa halali Berlin iligeuka tishio Dar es Salaam, maana mtawala aliyejiona wa daraja la juu angejibu nini pale mwanamke wa kabila lake anapoonekana akimpikia mume Mswahili? Tena mwaka wenyewe ulikuwa 1905, ule ambao Maji Maji iliwaka kusini na serikali ilikuwa ikiogopa hata kivuli chake.

Mtoro akawekwa njia panda: mji wake au mkewe. Wakarudi Ujerumani. Huko aliendelea kufundisha, pamoja na Hamburg, na kutoa mihadhara, hadi alipofariki Berlin mwaka 1927.

Kwa maoni yangu hakuna kipindi cha uraia kinachoweza kulishinda tukio hilo. Nani ana mamlaka ya kumzuia mtu bandarini kwao? Ndoa ni jambo la nani? Mtu akishasoma na kufundisha ughaibuni, ni raia wa wapi? Kidato cha pili kingebishana wiki nzima bila mwalimu kuchoka. Badala yake tumewapa watoto fasili za kukariri.

Lakini nisimpambe Mtoro kupita kiasi. Pwani tunapenda kusema mwacha mila ni mtumwa, na Desturi haifichi kwamba mila hizo zilikuwa na watumwa wa kweli ndani yake. Zilimwekea mtumwa namna ya kuamkia, ya kuvaa na ya kukaa mbele ya bwana wake. Ungwana ulikuwa uraia wa wachache. Mtoro anaeleza hayo kama mambo ya kawaida, na ukawaida huo ndio unaomfaa mwanafunzi wa leo, hasa wa Bagamoyo, ambako tangu 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Vitabu vya shule vimezoea kumlaumu mgeni peke yake kwa biashara ile. Kitabu cha mtu wa Dunda kinatuwekea kioo.

Saadani nayo ina mtu wake. Bwana Heri bin Juma aliyashinda majeshi ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1882, na Wajerumani walipokuja akawakatalia nao. Mji wake ulipigwa mizinga mwaka 1889, akaendelea kupigana kutoka bara hadi alipofanya suluhu mwaka 1890. Vitabu vingi vya shule vinamtaja kwa pumzi moja na Abushiri wa Pangani, aliyenyongwa Desemba 1889, kisha vinafunga ukurasa. Yaani aliyekufa kapata sura, na aliyejua lini apigane na lini azungumze kaachiwa nusu ya sentensi. Kama kuna somo la kufanya uamuzi, lingeanzia kwake.

Waingereza walileta karatasi zao. Januari 1923 Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosomwa na walimu na wanafunzi wa Tanganyika nzima: habari, afya, kilimo, hadithi, mashairi, na utii kwa serikali ukipenyezwa katikati. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934, kikawafundisha watoto wa shule kumshukuru Mwingereza. Aliyevunja mtindo huo ni Shaaban Robert. Karani huyu wa forodha, aliyewahi kufanya kazi Pangani, alimwandikia binti yake utenzi wa wosia na mwanawe wa kiume utenzi mwingine, akifuata njia iliyokuwa imefunguliwa na Mwana Kupona wa Pate mwaka 1858. Tenzi hizo zinasomwa mpaka leo, ila zimewekwa kwenye rafu ya fasihi na wanafunzi wanaulizwa vina na mizani. Wosia wenyewe haumhusu mtahini.

Baada ya uhuru mambo yanajulikana. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao na kujipunguzia mshahara hapohapo. Miezi michache baadaye, 1967, ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Somo la Siasa lilikua kwenye udongo huo. Vifaa vyake vilikuwa hotuba za Mwalimu, Azimio la Arusha, Mwongozo wa TANU wa 1971, redio, jembe na mchakamchaka wa alfajiri. Wakubwa nao hawakuachwa: kampeni za redio za Wakati wa Furaha mwaka 1971 na Mtu ni Afya mwaka 1973 ziliwakalisha wanakijiji kwenye vikundi wakisikiliza, wakisoma vijitabu na kujadiliana.

Siasa ilikuwa na kasoro ambayo kila aliyeisoma anaijua: swali lilikuwa na jibu moja, na jibu lilikuwa la chama. Lakini ilisomwa kwa Kiswahili hata sekondari, pale ambapo karibu masomo yote mengine yalikuwa kwa Kiingereza. Kijana wa Saadani aliweza kubisha, japo kimoyomoyo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Siasa ikaondolewa, Civics ikaingia, na lugha ikabadilika pamoja nayo. Tulipata uhuru wa kutoa maoni, tukaufundisha kwa lugha ambayo wengi wa wanafunzi hawawezi kutolea maoni. Watu walioupitisha mpango huo sijui walikuwa wanamfikiria mtoto gani.

Kilichofuata ni enzi ya madesa. Soko la vitabu lilifunguliwa, na jina la mchapishaji Nyambari Nyangwine likawa maarufu kwa wanafunzi kuliko la waziri. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, mwalimu mmoja na kitabu kimoja walitosha kuitwa somo: anaandika ubaoni, wananakili, wanakariri. Jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999, lilifika mashuleni bure na kuzungumza na vijana juu ya miili yao, fedha na UKIMWI kwa Kiswahili wanachokielewa. Mara nyingi hilo ndilo lililokuwa somo la stadi za maisha lenyewe.

Mwaka 2013 James Mbatia alisimama bungeni akidai nchi haina mtaala rasmi unaoeleweka. Waziri aliyejibu alikuwa Shukuru Kawambwa, mbunge wa Bagamoyo. Februari mwaka huohuo matokeo ya kidato cha nne yakatoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu, EMAC, ikavunjwa mwaka huo, na kazi ya vitabu ikarudi mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Februari 2023 Waziri Adolf Mkenda akapiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa madai ya kwenda kinyume na maadili, vikiwamo vya Diary of a Wimpy Kid. Tumekuwa wepesi wa kutaja kisichofaa kusomwa.

Kwa hiyo kitabu kipya kinakuta shamba lenye magugu. Jina lake linaahidi historia na maadili pamoja, na Kiswahili kimerudi. Kitakachoamua kama kitafika Saadani ni kama kitazungumzia Saadani: pori la akiba la mwaka 1969 lililokuja kuwa hifadhi ya taifa, na kitongoji cha Uvinje kilichovutana nayo miaka mingi kuhusu mpaka. Watoto wa huko wameyasikia maneno haki, ramani na mwekezaji nyumbani kabla ya kuyakuta darasani.

Desturi za Wasuaheli ilitafsiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen na kutolewa Marekani mwaka 1981, kwa hiyo mtafiti wa California anaipata kwa urahisi kuliko mwalimu wa Mkange. Taasisi ya Elimu inaweza kuanza na sura mbili, ya chuo na ya salamu, pamoja na safari ya Udoe na Uzigua. Hakimiliki haitamdai mtu. Mtoro amefariki karibu miaka 100 iliyopita, na Kiswahili chake hakihitaji mfasiri.