Wanyama wa Mwitu na Watu wa Uzigua: Habari za Nchi Zilizotengwa

Mengi yasemwa juu ya mbuga za wanyama, na wageni huja kutoka nchi za mbali kuzitazama. Mtu wa Korogwe au wa Handeni hana haja ya kwenda mbali: upande wa kaskazini, nyuma ya milima, iko Mkomazi, na upande wa pwani iko Saadani. Lakini atazamaye wanyama tu, asiulize nchi ile ilikuwaje kabla ya kutengwa, ameona nusu ya habari. Twataka kueleza hapa ile nusu ya pili, maana ndani yake limo swali ambalo babu zetu walilijibu kwa namna yao, nasi hatujamaliza kulijibu: mwenye kutawala nchi, yampasa kumlinda nani, mtu au mnyama?

Kwanza tuyaangalie maneno. Nyika ni nchi kavu ya vichaka na miba. Mbuga ni uwanda wa majani, ambao mara nyingi hushika maji wakati wa masika. Maneno hayo yaeleza nchi ilivyo. Bali hifadhi, pori la akiba na pori tengefu ni majina yaelezayo amri ya serikali juu ya nchi. Hifadhi ni neno la asili ya Kiarabu, maana yake kulinda. Ndilo tulitumialo hata kwa mtu aliyeihifadhi Kurani moyoni. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa siku za mbele, na tengefu latokana na kutenga. Katika hifadhi ya taifa mgeni hutazama tu, wala hawindi. Katika pori la akiba huweza kuwinda mwenye kibali. Na katika pori tengefu watu walikaa na mifugo yao, ila uwindaji ulikuwa na masharti.

Zamani hapakuwa na maneno hayo, wala hapakukosa sheria. Habari za Mbega zajulikana kwa wote, kwa kuwa Abdallah bin Hemedi aliziandika katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa Magila. Mbega alitoka Nguu akiwa amefukuzwa na jamaa zake, akapita Kilindi na mbwa wake wa kuwindia, hata akafika Usambaa. Watu walimpenda kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Alipoua simba akaitwa Simba Mwene, akatawala Vugha. Msomaji na aone maana yake: mtu yule hakupewa ufalme kwa wingi wa askari, bali kwa kuwaondolea watu adui wa mwituni. Kazi ya mtawala ilikuwa kuuweka mpaka kati ya shamba na pori, na mpaka huo ulishikwa kwa mkuki, kwa mbwa, kwa moto wa kuchoma majani, na kwa ng'ombe waliolisha nyasi zisigeuke vichaka.

Mpaka huo ulivunjika katika miaka ya 1890. Kwanza ilikuja sotoka, ikamaliza ng'ombe karibu katika Afrika ya Mashariki yote. Kisha nzige, na baada ya nzige njaa. Tena vita: Bwana Heri wa Saadani, aliyekuwa mkuu wa bandari ambako pembe za ndovu zilishukia kutoka bara, alipigana na Wadachi tangu 1888. Watu walipokufa na wengine kuhama, mashamba yalimea vichaka. Na vichaka vilipokua, mbung'o na kupe wakaingia, na mtu aliyetaka kufuga tena aliona ng'ombe wake wakifa kwa ndigana. James Giblin, mwanahistoria, ameyaeleza mambo hayo ya Handeni katika kitabu chake cha 1992. Basi pori ambalo mgeni hulidhani ni la tangu kuumbwa dunia, mahali pengine ni shamba la mtu lililoachwa.

Wakati huo huo sheria mpya ikaingia. Katika 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri kwamba mwindaji awe na kibali, na nchi nyingine zitengwe kwa ajili ya wanyama. Waingereza nao walitunga sheria yao katika 1921. Hivyo kazi ya Mbega iligeuzwa: yeye aliyekuwa mlinzi wa shamba sasa angeitwa mwizi wa nyama, na askari wa serikali akawekwa kumlinda mnyama asiguswe na mtu.

Mkomazi ilitengwa kuwa pori la akiba katika 1951. Jina lake huelezwa kuwa la Kipare, mko ni kijiko kidogo cha mti na mazi ni maji, yaani nchi ambayo maji yake hayajazi hata kijiko. Katika 1988 wafugaji waliokuwamo waliondolewa; wakaenda mahakamani, na shauri lao likafika Mahakama ya Rufani. Vifaru weusi wa kwanza waliletwa kutoka Afrika ya Kusini katika 1997, na katika 2008 nchi ile ikawa hifadhi ya taifa. Leo mgeni aingiaye kwa lango la Zange, karibu na Same, aweza kuwaona choroa na swala twiga, na ndovu wapitao kati yake na Tsavo ya Kenya.

Saadani ikawa hifadhi ya taifa katika 2005, nayo yafika hadi ufuoni, ambako kasa hutaga mayai. Sehemu yake ya Mkwaja ilikuwa ranchi, iliyofugwa ng'ombe kwa ajili ya nyama ya wafanya kazi wa mkonge. Mbung'o waliisumbua siku zote, hata ikafungwa katika 2000.

Na neno la mwisho ni la Handeni yenyewe. Tangu Juni 2022 jamaa za Wamasai kutoka Ngorongoro wameletwa Msomera, katika nchi iliyohesabiwa kuwa Pori Tengefu la Handeni, wakapewa nyumba za vyumba vitatu na mashamba. Serikali yasema wamekuja kwa hiari. Wako walalamikao kwamba sivyo, na wenyeji wa Msomera nao wameuliza habari za ardhi yao. Basi huko juu watu wameondoka ili wanyama wakae, na huku chini nchi ya wanyama imefunguliwa ili watu wakae.

Hatusemi kwamba wanyama waachwe waishe. Kifaru akitoweka, watoto wetu watabaki na jina tupu. Twasema tu kwamba mpaka wa shamba na pori haukukaa mahali pamoja hata siku moja, na kila ulipohamishwa palikuwa na mtu aliyehama nao. Yapasa wauchorao leo wamuulize kwanza mtu huyo. Mbega alitawala kwa sababu alianza kwa kuuliza ni nini kiharibucho mashamba ya watu.