Wageni wa Buyenzi na mpira wa Bujumbura

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Maofisa wenyewe walihesabika. Waliokiendesha kituo hicho siku kwa siku walikuwa askari, wapagazi, makarani, wapishi na wachuuzi kutoka Ujiji, Tabora, Manyema na hata pwani ya Bahari ya Hindi, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Huo ndio mwanzo wa Bujumbura: kambi ya watu waliotoka mbali, wakafikia ufukweni, wakakaa.

Milimani walitazamwa kwa shaka, na shaka hiyo ilikuwa na sababu. Miaka michache tu kabla ya hapo Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyefanya biashara ya pembe na watumwa, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu, na majeshi ya Mwezi Gisabo, mwami (yaani mfalme) wa nchi hiyo, yakamzuia. Mwami huyohuyo aliwapinga Wajerumani kwa miaka mingi mpaka mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903. Kwa hiyo mtu wa Usumbura aliyevaa kanzu alionekana mara mbili kuwa mgeni: alisali sala nyingine, tena aliishi chini ya bendera ya adui.

Sherehe za mji nazo zilikuwa za kigeni. Katika vituo vya Wajerumani siku kubwa ya mwaka ilikuwa tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa kwa Kaiser Wilhelm II, yenye gwaride, ngoma na michezo. Sikukuu hiyo iliondoka na wenyewe Juni 1916, Wabelgiji walipouteka mji. Idd na Maulidi zikabaki. Huko milimani mambo yalikwenda vingine: umuganuro, sikukuu ya mtama iliyowakusanya Warundi kwa mwami wao kila mwaka, ilikomeshwa mwaka 1929 chini ya utawala wa Kibelgiji na shinikizo la wamisionari. Hasara hiyo ilikuwa kubwa mno. Nchi ilinyang'anywa siku yake kuu ya kukutana, na kwa miaka mingi hakuna kilichoijaza nafasi hiyo.

Wabelgiji waliwapanga Waswahili wa mji katika mtaa wa Buyenzi, karibu na mto Ntahangwa, nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Barabara zilichorwa zimenyooka, zikapewa namba badala ya majina, na mpaka leo mtu wa Buyenzi hujitambulisha kwa namba ya barabara yake. Ni mtaa wa misikiti, gereji, vipuri na soko la Ruvumera, na nyumba zake zimebanana. Mwana wa mkulima mlimani alikuwa na shamba la kumshughulisha. Kijana wa Buyenzi alikuwa na barabara iliyonyooka na kiangazi kirefu, Juni hadi Septemba, mvua ikiwa imekatika na tope limekauka. Mpira ulipata mahali pake. Shirikisho la mpira la Burundi liliundwa mwaka 1948, bado chini ya Wabelgiji, ingawa kujiunga na FIFA kulisubiri hadi 1972.

Aliyewakubali mapema watu wa mtaa huu alikuwa Mwanamfalme Louis Rwagasore. Alipokuwa akijenga vyama vya ushirika na kisha chama cha UPRONA, wafanyabiashara Waislamu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa dhati. Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64 vya bunge. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore aliuawa kwa risasi mbele ya ziwa, kabla hajauona uhuru wa Julai 1, 1962. Uwanja mkubwa wa mji ulipewa jina lake, na humo ndimo mpira na sherehe za taifa zilipokutana.

Mwaka 1992 klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan. Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikaanza. Mitaa ya mji iligawanyika kikabila. Buyenzi, ambako Wahutu na Watutsi waliishi ukuta kwa ukuta na kusali safu moja, ilijitahidi kukataa mgawanyiko huo. Hata hivyo Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi, na watu wengi wakakimbilia Zaire. Mwezi uliofuata vijana wa Burundi walikuwa Qatar wakicheza Kombe la Dunia la vijana. Ni vigumu kupima uzito waliobeba wachezaji wale, wakiwa uwanjani huku makwao kunateketea.

Kisha njia ya wageni ikageuka, ikaanza kutoka Bujumbura kwenda nje. Shabani Nonda, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1977, alipitia Vital'O, Yanga ya Dar es Salaam na Afrika Kusini kabla ya Zürich, Rennes na Monaco, na timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Mei 26, 2004 aliingia kipindi cha pili cha fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, Monaco ikifungwa 3-0 na Porto. Mji wa fainali hiyo ulikuwa Gelsenkirchen, Ujerumani, nchi ileile iliyojenga kituo cha Usumbura.

Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura mwaka 1993, alifika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi. Machi 23, 2019 Burundi ilitoka sare 1-1 na Gabon mjini Bujumbura, Cédric Amissi akifunga, ikafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Kiangazi kile, msimu ambao ndugu wa Ulaya hurudi kwa harusi na mahari, safari hii macho yalielekea Misri, kombe hilo lilikochezwa. Berahino alikuwa nahodha. Burundi ilifungwa na Nigeria, Madagascar na Guinea bila kupata bao hata moja.