Jinsi ya kuupima mtandao wa mitambo kabla ya kuukabidhi pampu za maji

PAMPU ya kisima inapozimika ghafla kambini Hagadera, foleni ya mitungi penye mifereji huanza kurefuka kabla ya fundi kupata habari.

Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita, na ni mojawapo ya kambi zinazozunguka mji wa Dadaab, kaunti ya Garissa. Hakuna mto karibu. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya mifugo hutoka katika visima virefu vinavyofikia hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ijulikanayo kama Merti. Pampu za visima hivyo kwa miaka mingi zilisukumwa na jenereta za dizeli, na baadaye baadhi zikaunganishwa na umeme wa sola.

Wahandisi wa maji katika maeneo makavu wanazidi kutamani kuziona pampu zao kwa mbali. Mradi wa Kenya RAPID, uliotekelezwa kuanzia 2015 katika kaunti za Garissa, Isiolo, Marsabit, Turkana na Wajir, ulifunga vihisi kwenye pampu za visima ili ofisi ijue ni kipi kinafanya kazi na kipi kimekwama.

Kihisi kinachotoa habari tu kikichelewa, hasara ni ndogo. Lakini pale ambapo mtandao ndio unaoiamuru pampu iwake au izime, ujumbe unaochelewa ni tangi linalofurika au mfereji unaokauka. Ndiyo sababu mtandao wa aina hiyo hauna budi kujaribiwa kwa mzigo kabla ya kukabidhiwa kazi. Chombo cha kuujaribu huitwa jenereta ya trafiki.

Jenereta isiyotumia dizeli

Jenereta hii haina uhusiano na zile zinazonguruma sokoni Hagadera zikiuzia maduka umeme. Ni programu ya kompyuta, au kisanduku maalumu, kinachotengeneza data bandia kwa kipimo kinachojulikana na kuipitisha mtandaoni. Upande wa pili chombo kingine huipokea na kuihesabu. Tofauti kati ya kilichotumwa na kilichofika ndiyo hali halisi ya mtandao.

Kazi yake inafanana na ya fundi wa bomba anayelijaza bomba jipya maji kwa shinikizo kubwa kabla ya kulifukia. Anataka lipasuke sasa likiwa wazi, si mwezi ujao likiwa chini ya barabara.

Dadaab si ngeni kwa mitandao. Kati ya 2011 na 2012, wakati ukame na baa la njaa kusini mwa Somalia vilipowaleta wakimbizi wengi wapya, muungano wa mashirika ya misaada wa NetHope ulishirikiana na shirika la Inveneo la Marekani kujenga mtandao wa pamoja, uliopewa jina DadaabNet. Ulitumia mawimbi ya redio ya masafa marefu kuyaunganisha mashirika ambayo mengi yalitegemea setilaiti, njia iliyokuwa ghali na ya polepole.

Njia ya redio ya namna hiyo hufaa sana kwa barua pepe na simu za intaneti. Lakini masafa yake hugawanywa na kila anayeyatumia, na katika vifaa vingi vya bei nafuu kutuma na kupokea hupokezana zamu. Pampu ikiwekwa kwenye njia hiyohiyo, inakuwa jirani wa ofisi nzima.

Funzo kutoka Alabama

Mnamo Agosti 19, 2006, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili za kuzungusha maji katika mtambo namba 3 zilisimama. Wahudumu walilazimika kuuzima mtambo kwa mkono.

Uchunguzi haukuonyesha kebo iliyokatika wala pampu iliyoungua. Ulielekeza kidole kwenye msongamano wa data katika mtandao wa kituo, ambao ulizilemea kompyuta ndogo zinazoendesha mota za pampu hadi zikashindwa kuitikia. Hakuna aliyeumia, lakini funzo lilibaki: pampu nzima inaweza kusimamishwa na maneno mengi yasiyoihusu.

Pampu za sola zilizoenea Kaskazini Mashariki nazo huendeshwa na inveta zenye kompyuta ndogo ndani yake. Kituo cha nyuklia kina wahandisi zamu zote. Kisima cha nyikani kina mlinzi mmoja na simu ya mkononi.

Hesabu kwanza, kifaa baadaye

Kabla ya kuwasha jenereta yoyote, mhandisi sharti ajue mtandao wake utabeba nini. Tuchukue mfano wa kubuni wa visima 10 vinavyoulizwa hali yao mara moja kila sekunde, kwa lugha ya Modbus, ambayo ilibuniwa mwaka 1979 na bado inatumika sana viwandani. Swali ni pakiti moja ya takriban baiti 100, na jibu vivyo hivyo. Jumla ni biti 16,000 kwa sekunde.

Hicho ni kiasi kidogo mno. Kamera moja ya ulinzi inayotumia megabiti 4 kwa sekunde huchukua mara 250 ya mazungumzo ya visima vyote 10. Kwa hivyo swali la msingi si kama mtandao unaweza kubeba ujumbe wa pampu, bali kama ujumbe huo utapita wakati kamera, simu na kompyuta za ofisi zote zinapozungumza pamoja.

Kwa jaribio la kawaida, programu ya iPerf3 yatosha. Ni ya bure, na inahitaji vipakatalishi viwili tu. Ostinato humwezesha mhandisi kuunda pakiti za umbo alitakalo, zikiwemo zinazofanana na za Modbus. TRex, iliyotokana na kampuni ya Cisco, huzalisha mzigo mkubwa zaidi lakini hutaka kompyuta yenye nguvu. Visanduku maalumu ndivyo sahihi kuliko vyote, ila bei yake ni ya makampuni makubwa.

Hatua za jaribio

Kwanza, pima jenereta yenyewe. Unganisha vipakatalishi viwili kwa kebo moja bila kitu kati yao, kisha tuma data. Kebo ya megabiti 100 hupitisha pakiti 8,127 kwa sekunde zikiwa za baiti 1,518, lakini pakiti 148,809 zikiwa za baiti 64. Kompyuta nyingi huchoka na pakiti ndogo kabla ya mtandao kuchoka. Asiyejua kikomo cha chombo chake ataulaumu mtandao bure.

Pili, weka kipakatalishi kimoja ofisini na kingine kisimani, mahali ambapo kidhibiti cha pampu kitafungwa. Kinachopokea huamriwa hivi:

iperf3 -s

Kinachotuma huamriwa hivi, neno "anwani" likibadilishwa na anwani ya kile kinachopokea:

iperf3 -c anwani -u -b 5M -l 200 -t 120

Maana yake ni kutuma megabiti 5 kwa sekunde, katika vipande vya baiti 200, kwa sekunde 120. Herufi "u" huchagua itifaki ya UDP, ambayo hairudii kutuma kilichopotea, hivyo hasara huonekana wazi. Anayesahau kuandika kiwango baada ya "b" atatumiwa megabiti 1 pekee na kudhani mtandao wake hauna kasoro.

Tatu, tafuta kikomo. Waraka namba 2544 uliotolewa mwaka 1999 na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, ulieleza kikomo hicho kuwa kasi ya juu kabisa ambayo hakuna pakiti hata moja inayopotea. Muuzaji akidai megabiti 20, anza na 20. Zikipotea, shuka hadi 10. Zikifika zote, panda hadi 15, na uendelee kuligawa pengo hilo nusu kwa nusu. Rudia kwa pakiti ndogo na kubwa. Waraka huo hutaja saizi 7 za Ethaneti, kuanzia baiti 64 hadi 1,518.

Nne, na hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, changanya mizigo. Acha kidhibiti cha majaribio kizungumze na ofisi kama kawaida, kisha jaza njia kwa jenereta hadi asilimia 50, 80 na hatimaye 100 ya kikomo. Jaza pande zote mbili kwa pamoja. Tazama ni wakati gani majibu ya kidhibiti yanaanza kuchelewa.

Tano, rudia saa tofauti. Swichi iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma juani Garissa haifanyi kazi saa nane mchana kama ifanyavyo alfajiri. Jaribio la dakika mbili asubuhi si ushahidi wa siku nzima.

Kuyasoma matokeo

Namba 3 ndizo za kuandikwa: pakiti zilizopotea, muda wa kwenda na kurudi, na kuyumba kwa muda wa pakiti kufika. iPerf3 hutoa ya kwanza na ya tatu. Ya pili hupatikana kwa amri ya ping inayoendeshwa sambamba.

Namba hizo hazina maana zikisimama peke yake. Zilinganishwe na subira ya kidhibiti. Kama kidhibiti kimepangwa kungoja jibu kwa sekunde 1 kisha kuizima pampu, ucheleweshaji wa milisekunde 200 si neno. Lakini ukifika milisekunde 900 wakati ofisi inapakua faili, pampu imo hatarini ingawa hakuna pakiti iliyopotea.

Matokeo yakiwa mabaya, tiba ya kwanza si kununua kasi zaidi. Tenganisha trafiki ya mitambo na ya ofisi ndani ya swichi. Upe ujumbe wa pampu kipaumbele. Wekea kikomo pakiti zinazotangazwa kwa vifaa vyote, kwani hizo ndizo huwalemea vidhibiti vidogo. Kisha pima upya kwa vipimo vilevile.

Tahadhari

Jenereta ya trafiki ni silaha pia. Jaribio la kujaza njia halifai kufanywa kwenye mtandao ambao tayari unaendesha pampu; waraka namba 6815 wa mwaka 2012 ulitolewa mahsusi kuonya dhidi ya kutumia mbinu za 2544 katika mitandao inayofanya kazi.

Panapokuwa hapana njia nyingine, ruhusa iwe ya maandishi, matangi yawe yamejaa, na mtu asimame kando ya pampu akiwa tayari kuiendesha kwa mkono. Kwa maabara, anwani kuanzia 198.18.0.0 hadi 198.19.255.255 zimetengwa kwa vipimo, ili data bandia isipotee njia na kuwafikia wengine.

Mwisho, ripoti ya jaribio iwe sehemu ya mkataba. Shirika au kaunti inayonunua mtandao wa pampu idai karatasi yenye kikomo cha kila njia, saa ya kipimo, saizi za pakiti na kile kilichotokea mzigo ulipofika asilimia 100. Mkandarasi anayesema "inafanya kazi" kwa kuwa taa za swichi zinamemeta bado hajathibitisha lolote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtandao wa pampu, ufa huo hauonekani kwa macho. Ni lazima utafutwe kwa mzigo, siku ambayo hakuna mama anayesubiri mferejini.