Kikapu Kilichofika kwa Njia Mbili

Ukisoma majina ya timu za wanawake katika Ligi ya Kikapu ya Mkoa wa Dar es Salaam, unapata ramani ya jiji pamoja na kambi zake: Kurasini Divas, Twalipo Queens, Ukonga Queens, Vijana Queens, JKT Stars, Polisi Stars. Katikati yao wapo UDSM Queens, wasichana wa Mlimani. Msimu unapokaribia, swali juu yao huwa lile lile: safari hii watafika wapi? Wengi hulijibu kwa kuhesabu nani kabaki na nani kahitimu. Hesabu hiyo ni muhimu, ila imeanzia katikati ya hadithi.

Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith alitundika makapu mawili ya pichi kwenye ukumbi wa mazoezi, akaandika sheria 13. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Smith College, chuo cha wanawake kisicho mbali na hapo, aliwapelekea mchezo huo wanafunzi wake. Aliona vurugu zimezidi, akaupunguza ukali. Uwanja akaugawa sehemu tatu, na mchezaji asivuke mstari wa sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira mkononi, marufuku. Kuushika zaidi ya sekunde tatu, marufuku. Machi 1893 mwaka wa kwanza na mwaka wa pili wakapambana, na wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Kwa hiyo kikapu cha wanawake kilizaliwa chuoni, kabla hakijawa cha klabu, cha jeshi au cha taifa.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 mchezo ulivuka bahari hadi Uingereza, kwenye chuo cha Martina Bergman-Österberg, mwanamke wa Sweden aliyefundisha wasichana kuwa walimu wa mazoezi. Kule ukabadilika tena. Kapu likawa pete yenye wavu, ubao wa nyuma haukuwepo, kudunda mpira kukaachwa. Mwaka 1901 sheria zake zikachapishwa, na walimu wa kike wakaueneza katika shule za wasichana kila palipopepea bendera ya Uingereza. Mwaka 1960 wawakilishi wa nchi kadhaa walikutana Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, kuoanisha sheria; jina la netiboli lilikuja kukubalika kote baadaye. Sisi tuliliongezea la kwetu: mpira wa pete.

Ndiyo maana mtoto wa shule ya msingi Mbagala, anayesimama ghafla anapodaka mpira na kuutoa kabla sekunde tatu hazijaisha, anacheza sheria za Smith College za mwaka 1892. Huko Marekani kwenyewe mgawanyo wa uwanja ulifutwa mwaka 1971, wanawake wakaanza kucheza watano watano, uwanja mzima. Sheria za zamani zimebaki hai kwenye vumbi la Temeke.

Kikapu chenyewe kilitujia kwa njia nyingine, kupitia vituo vya vijana kama vya Don Bosco, majeshi, na shule chache zenye jina katika michezo, Makongo na Jitegemee zikiwemo. Njia hiyo iliwafaa zaidi wavulana. Hasheem Thabeet alisoma Makongo, akaenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Kila kijana wa Dar anaijua habari hiyo. Wachache wanajua kwamba chuo hicho hicho kinasifika zaidi kwa timu yake ya wanawake, yenye mataji 12 ya kitaifa hadi mwaka 2025.

Na chuo chetu? Kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, na mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Hata watano wa kuingia uwanjani wasingepatikana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mwombaji wa chuo kikuu afanye kazi kwanza. Wanawake walioingia wakapungua kiasi kwamba mwaka 1976 waliondolewa sharti hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, alisimamisha UMISHUMTA na UMISSETA ili wanafunzi wasome. Mashindano yakarudi baadaye, lakini waliokuwa sekondari katika kipindi hicho walifika chuoni bila kuwahi kucheza mechi yenye refa na kombe. Mvulana angejifunzia mtaani. Msichana jioni alikuwa jikoni.

Tukirudi kwenye msimu ujao, timu ya chuo hubomoka yenyewe kila baada ya miaka mitatu, maana shahada nyingi ndiyo muda wake. Ligi ya mkoa nayo haisubiri ratiba ya chuo: kuna mitihani ya mwisho wa muhula, kisha fildi, na mlinzi wako bora yuko Songea anafundisha kwa wiki nane. Timu za majeshi zina kitu ambacho chuo hakina, yaani ajira. Binti mrefu aliyemaliza kidato cha sita akiitwa na jeshi, anapima mshahara dhidi ya bumu, na sioni wa kumlaumu. Kuwafunga JKT Stars katika mazingira hayo ni jambo la kutamani, si la kudai. Mimi ningewapima Queens kwa jambo jingine: wangapi wa mwaka wa kwanza wapo uwanjani bado wanapofika mwaka wa tatu.

Wapya hao kwa sehemu kubwa watatoka netiboli, na makocha wengi huliona hilo kama mzigo, kwa sababu inabidi kuwafundisha upya kudunda, kukimbia na mpira, kumgusa mpinzani bila kuomba radhi. Ni kweli. Lakini mikono yao imeshafundishwa pasi za haraka na kudaka hewani, na macho yao yamezoea kumtafuta mwenzao kabla mpira haujafika. Na wanajua kulenga. Pete zote mbili zina urefu ule ule kutoka ardhini, futi 10. Ya netiboli ni nyembamba zaidi, na haina ubao.