Mikahawa ya Nairobi: Mipya ina mbwembwe, ya kale ina mizani

KATIKA soko la Kariokor jijini Nairobi, mteja huchagua nyama ingali inaning'inia, ikapimwa kwa kilo machoni pake, kisha ikatiwa chumvi na kuwekwa juu ya makaa. Huletewa imekatwakatwa kwenye ubao, pamoja na ugali na kachumbari. Orodha ya vyakula haihitajiki, kwani mlaji amejionea anachokinunua.

Desturi hiyo ndiyo ambayo mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka wa 1980, uliigeuza kuwa tamasha. Wahudumu hupita mezani na nyama kwenye sime za Kimaasai, wakimkatia mteja hadi ashushe kibendera kuashiria kwamba ameshiba. Nyamapori ndiyo iliyoupatia sifa, hadi serikali ilipopiga marufuku uuzaji wake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo Carnivore yenyewe huhesabiwa miongoni mwa mikahawa ya kale.

Java House, iliyoanzia Adams Arcade mwaka wa 1999, ilileta upya wa aina nyingine: kuwauzia Wakenya kahawa yao wenyewe, katika nchi iliyozoea kuisafirisha ng'ambo na kunywa chai.

Hata hivyo, si kila upya ulitegemea shamba la karibu. KFC iliingia Nairobi mwaka wa 2011. Mnamo Januari 2022 matawi yake yaliishiwa na vibanzi, kwa sababu viazi vilivyoagizwa kutoka nje vilichelewa njiani, ilhali Nyandarua na Meru hukuza viazi kwa wingi. Umma ulighadhabika, nayo kampuni ikatangaza kwamba ingetafuta viazi vya humu nchini. Mwenye kibanda cha vibanzi mtaani hakuwa na shida hiyo. Yeye hununua viazi vyake sokoni alfajiri.

Kwa wapenzi wa vyakula vya kiasili, Ranalo, maarufu kama K'Osewe, imejijengea jina kwa samaki wa ziwani, ugali na mboga za kienyeji, zilizowahi kudharauliwa kuwa chakula cha maskini. Baadaye ikaja Nyama Mama, iliyojulikana kwa ugali uliokatwa vipande na kukaangwa mithili ya vibanzi. Ni ubunifu wa kupendeza, ingawa humnyima mlaji raha ya kufinyanga tonge. Na samaki wa Ranalo, kwa anayejua kula, hahitaji uma.