Leza Moja, Tone la Hewani na Atomu Baridi

Hivi unajua kwamba mwanga unasukuma? Msukumo wenyewe ni mdogo mno, ndiyo maana jua halikuangushi. Mwaka 1970, Arthur Ashkin wa maabara za Bell, Marekani, alitumia leza kunasa vipunje ndani ya maji. Baadaye akafanya kipunje cha kioo, kisha matone, vielee hewani.

Atomu je? Hizo hukimbia mno, lazima zipozwe kwanza. Mwaka 1986 yeye, Steven Chu na wenzao wakazinasa. Nobel ya 1997 ya kupoza atomu ikampata Chu na wengine wawili, Ashkin akaachwa. Yake ilikuja 2018, akiwa na miaka 96.

Leo watafiti wa hewa hushika tone moja kwa leza, wakalitazama likinyonya unyevu. Mawingu huanzia kwenye chembe kama hizo.